Uzingativu na kusamehe: kuvua kinyongo lumbesa yake

Ukipita Uyole, Mbeya, msimu wa viazi utaona magunia yenye vichwa. Gunia limeshajaa, lakini juu yake vimerundikwa viazi vingine na kufungwa kwa kamba, mpaka linafanana na mtu aliyejitwika mzigo. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na bado mkulima hujikuta anaiuza kwa bei ya gunia moja. Naanzia hapa kwa sababu kinyongo nacho hufungwa lumbesa.

Uzingativu ni kuweka akili, kwa makusudi, kwenye kinachotokea sasa hivi ndani yako na mbele yako, bila kukimbilia kukihukumu. Asili yake ni mafundisho ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliuingiza hospitalini katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akaanzisha mafunzo, ambayo leo huchukua wiki 8, kwa wagonjwa wenye msongo na maumivu yasiyoisha. Wengi wakiusikia huwaza mtu aliyefumba macho anahesabu pumzi. Hilo ni zoezi tu. Kwenye mahusiano, uzingativu ni jambo la kawaida kuliko hapo: ni kinyume cha yule anayekujibu “eeh, eeh” huku macho yake yapo kwenye simu. Mwili upo, akili haipo.

Sasa uzingativu unakutana wapi na kusamehe? Julai moja nilishuka stendi ya Nane Nane saa nne usiku, baridi ile ya Mbeya inayopenya koti. Mume wangu alikuwa ameahidi kuja kunipokea. Hakuja, na simu yake haikupatikana. Nilikaa dakika arobaini, kisha nikachukua bajaji. Njiani nikaanza kupakia: hanijali; angekuwa mama yake angefika kabla ya basi; na ule mwaka wa kipaimara cha mtoto alifanya hivihivi. Nilipofika nyumbani nilikuta amelala kwenye kochi, simu imezima chaji. Nilimkuta na kosa la dakika arobaini, lakini nilimdai kosa la miaka tisa.

Aliomba msamaha palepale. Nikasema “yaishe”, nikanuna siku nne.

Kilichonisaidia hakikuwa kujilazimisha kusamehe. Siku ya tano, nikiwa namenya ndizi, nilisikia kifua kimebana, na kwa mara ya kwanza sikukimbilia kumlaumu mtu. Nikakiangalia tu kile kifua. Hii ni hasira. Chini yake kuna woga, kwa sababu stendi usiku inaogopesha mwanamke aliye peke yake. Na chini zaidi kuna aibu ya kuonekana sina mtu wa kunipokea. Hapo nikaweza kutenganisha gunia na kichwa chake. Gunia: aliahidi, hakuja, niliogopa. Mengine nilikuwa nimeyafunga mwenyewe kwa kamba. Gunia lisilo na kichwa namna hiyo linazungumzika, na tulilizungumza. Lumbesa haizungumziki, maana anayeshtakiwa hajui aanze kujitetea wapi.

Watafiti wamelitazama hili. Mwaka 2020, Johan Karremans na wenzake walichapisha tafiti zilizoonyesha kwamba wenye uzingativu zaidi huelekea kusamehe zaidi, na njia mojawapo ni kwamba wanaweza kujiweka upande wa aliyewakosea. Kwangu hilo lina mantiki. Ukiwa unachemka huwezi kuona upande wa mwenzako, hata ukiambiwa uko pale.

Watu huchanganya kusamehe na mambo mengine mawili: kusahau na kurudiana. Kusamehe ni kuacha kumdai mtu kwa moyo wa kulipiza. Kusahau hakumo. Inanifurahisha kwamba neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, linalotafsiriwa kuwa uzingativu, sati, lina ndani yake maana ya kukumbuka. Kwa hiyo kumbukumbu ikirudi miezi sita baadaye, usidhani msamaha wako ulikuwa wa uongo. Itazame inavyokuja, isikie inavyochoma, na usiiongezee viazi.

Na kurudiana ni suala jingine kabisa, ambalo huku kwetu vikao vya ukoo na wazee wa kanisa hulirukia haraka mno. “Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo.” Mtafiti James McNulty aliwafuatilia wanandoa wapya Marekani kwa miaka 4, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011 ilionekana kwamba kwa wale waliokuwa wepesi wa kusamehe, ukali wa wenzao, wa maneno na wa mkono, haukupungua, lakini kwa wasio wepesi ulipungua. Kwa anayepigwa, kuzingatia kwa dhati ni kuona waziwazi kwamba anapigwa, na kwamba gunia lake lina uzito huo hata bila lumbesa. Anaweza kusamehe akiwa kwao, au baada ya kutoka Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Si lazima asamehe akiwa chumba kimoja na mpigaji.

Mimi na mwenzangu tulikuwa na kosa dogo, tushukuru. Nikishuka Nane Nane usiku bado moyo hunidunda kidogo. Naacha udunde. Halafu natazama upande wa bajaji, maana siku hizi mume wangu husimama pale, na simu yake imejaa chaji.