Nikishitaki joto, samansi nampelekea nani?

Swali hilo si langu. Ni la bibi mmoja, mkulima wa mwani kutoka kijiji kilichoko njia ya Pangani, aliyeingia ofisini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, mwezi uliopita na mkoba wa ukili begani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, kisha akaumwaga mkoba wake juu ya meza, juu ya majalada ya wateja. Ulikuwa mwani, aina ya kotoni. Matawi yamepauka, ncha zimekuwa nyeupe kama miba ya samaki, na ukiyashika yanakatikia mkononi.

"Mwanangu, bamvua la mchana siku hizi maji yanaunguza miguu," akaniambia, akimaanisha siku za maji kujaa na kupwa sana. "Tuliitwa semina tukaambiwa ni tabianchi. Haya, wewe si wakili? Nikishitaki joto, samansi nampelekea nani?"

Nilicheka, halafu nikagundua sina jibu la haraka. Nikamwomba arudi baada ya siku mbili. Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na mengine ambayo sikuyamaliza kwa sababu daladala yake ilikuwa inaondoka.

Kesi za madai tunazozifungua kila siku zimekatwa kwa kipimo cha jirani na jirani. Mbuzi wako kala mihogo yangu: mdaiwa anajulikana, kosa linajulikana, hasara inahesabika. Joto la bahari limetokana na moshi wa karne na zaidi, mwingi wake kutoka nchi ambazo bibi huyu hatazikanyaga. Na hata pale ambapo mambo yametokea machoni petu, kuthibitisha chanzo ni kazi. Kitazame kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi. Kufika miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Kisheria bado ni hifadhi ya bahari. Nani kakila? Wapo wanaotaja mawimbi, wapo wanaotaja shoka za waliokata mivinje. Jaribu kumpeleka mmoja wao mahakamani uone.

Aliyelisogelea zaidi swali la bibi ni mkulima wa Peru, Saúl Luciano Lliuya. Mji wake wa Huaraz uko chini ya ziwa linalojaa kwa barafu ya milimani kuyeyuka. Mwaka 2015 aliishitaki RWE, kampuni ya umeme ya Ujerumani, huko huko kwao. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: kama moshi wenu ni karibu nusu ya asilimia moja ya moshi wote wa viwanda duniani, lipeni sehemu hiyo hiyo ya gharama za kunikinga na mafuriko. Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Hamm ikamtupilia mbali, kwa kuwa hatari ya maji kuifikia nyumba yake ilionekana ndogo mno. Lakini majaji walitamka jambo ambalo mawakili tumelinakili: kwa sheria ya ujirani ya Ujerumani, mtoa moshi mkubwa anaweza kuwajibika, na umbali si kinga. Peru na Ujerumani, majirani!

"Miaka kumi?" bibi akauliza. "Mie sina miaka kumi."

Basi nikampeleka Lahore. Huko Pakistani, mwaka 2015, mkulima aitwaye Asghar Leghari aliacha kabisa kumtafuta aliyewasha moto. Aliishitaki serikali yake mwenyewe kwa hoja nyepesi: mna sera ya tabianchi ya mwaka 2012, mna mpango wa kuitekeleza, mbona vimekaa kabatini? Jaji Syed Mansoor Ali Shah aliwaita maofisa wa wizara waje kueleza wamefanya nini, akaona hakuna la maana, akaunda tume ya kusimamia utekelezaji. Uholanzi nayo ilibanwa kwa njia ya namna hiyo. Desemba 2019 Mahakama yake ya Juu, katika kesi ya shirika la mazingira la Urgenda, iliithibitisha amri ya kupunguza hewa ukaa kwa angalau asilimia 25 kulinganisha na mwaka 1990.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia yetu, na vifaa vyake tunavyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda kuidai. Kifungu cha 75 kinamtaka Waziri achukue hatua juu ya mabadiliko ya tabianchi. Tuna Mkakati wa Taifa wa 2021–2026. Na mahakama zetu si wageni wa mambo haya: katika kesi ya Joseph Kessy, iliyofunguliwa mwaka 1988, Jiji la Dar es Salaam liliomba liongezewe muda wa kumwaga na kuchoma taka Tabata. Jaji Lugakingira alikataa, akasema moshi ule unagusa haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Tabianchi haikuwa midomoni mwa watu wakati ule.

Huko juu nako upepo umegeuka. Mei 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ile ambayo Jaji Warioba wetu aliwahi kukalia kiti chake, ilisema hewa ukaa inayotolewa angani na binadamu ni uchafuzi wa bahari. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaongeza kwamba nchi isiyochukua hatua za kulinda hali ya hewa, hata kwa kutoa leseni za kuchimba mafuta na gesi, inaweza kuwa imevunja sheria. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu pingu. Ila wakili akiyaweka mbele ya jaji, yanasomwa.

Kinachonitisha mimi ni kalenda. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Mashirika manne yalilipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki Novemba 2020, na tabianchi ilikuwa miongoni mwa hoja. Miaka mitatu baadaye daraja la kwanza la mahakama hiyo likaifuta kesi bila kuzigusa hoja hizo: mkataba wa Jumuiya unataka ufungue shauri ndani ya miezi miwili, na majaji waliona saa ilianza kuhesabu tangu 2017. Mashirika yalikata rufaa, lakini mimi hukumu ile ya kwanza imenikaa kichwani, maana nami nimewahi kupigwa pingamizi la awali kwa kuchelewa, na kumtazama mteja siku ile ni aibu nisiyoisahau. Hapa nchini madai ya madhara yana miaka mitatu. Ukiishitaki Serikali, kwanza notisi ya siku 90. Sasa niambie, hasara ya joto inaanza siku gani? Mwani haufi kwa radi.

Bibi hakuwa na haja na hayo. Alikuwa na jingine. Nyumba ya mwanawe, alisema, ilipojengwa ilikuwa mbali na maji, na katikati palikuwa na minazi. Minazi imeanguka. Sasa kaja mtu kuwaambia wako ndani ya mita 60 za pwani na wajiandae kuondoka. Mita hizo zipo kweli, kifungu cha 57 cha sheria ile ile inayompa haki ya mazingira safi, na Sheria ya Ardhi inazitaja pia kwenye ardhi hatarishi. Nia ni njema. Lakini kifungu kimeandikwa kana kwamba pwani imepigiliwa misumari. Bahari ikisogea, mstari unasogea nayo, na aliyekuja kulalamika anajikuta yeye ndiye mvunja sheria. Hapo ndipo tunapoanzia kazi, na barua ya kwanza nimeshaiandika.

Kabla hajaondoka nilimpa daftari. Nikamwomba aweke tarehe, hali ya maji, na kamba ngapi za mwani zimepauka, kwa kila bamvua, pamoja na hatua kutoka kizingiti cha nyumba hadi maji yalipojaa. Anayeandika ni mjukuu wake wa darasa la sita. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza: kamba 11 kati ya 30 nyeupe, hatua 52. Pembeni ameongeza safu ambayo sikuichora, na chini yake neno moja, Kaskazi. "Bibi anasema," ameniandikia, "wakili umesahau upepo."