Dawa za virusi vya Ukimwi: kabla ya kupanda gari la Kolwezi

Lalamiko linalorudi sana katika vituo vya Lubumbashi ni hili: mtu amekwenda kuchimba Kolwezi au kuuza Kasumbalesa, dawa zimemwishia, na kituo cha huko kinamuuliza maswali mengi kabla ya kumpa. Si dharau. Muuguzi asiyejua unakunywa nini, tangu lini, na kama una kifua kikuu, hawezi kukupa chupa kwa kubahatisha.

Pita kituoni kwako wiki moja kabla ya safari. Kwa safari fupi, omba dawa za siku zote utakazokuwa nje, na za wiki mbili juu yake. Ukihama kabisa, omba barua ya uhamisho. Iwe na namba yako ya usajili, dawa unayokunywa, tarehe uliyoanza, tarehe uliyochukua mara ya mwisho na idadi ya vidonge, jibu la kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi, na dawa za kifua kikuu kama zipo. Sahihi na muhuri. Ipige picha kwa simu, lakini karatasi yenyewe uibebe. Anayepitisha siku 28 baada ya tarehe ya miadi huandikwa kuwa amekatiza matibabu. Hilo ni neno la daftari, si adhabu: baba, mama, rudini tu.

Wengi huhamishia vidonge kwenye sashe ya plastiki ili chupa isilie ndani ya begi. Tunaelewa sababu, ila tunakataza. Unyevu huharibu dawa, na kile kipakiti kilichomo ndani ya chupa kazi yake ni kuufyonza. Viringisha chupa kwenye nguo, haitalia. Usiiache mbele ya kioo cha gari wala chini ya mabati mwezi wa kumi. Joto lisizidi nyuzi 30.

Kidonge kinachotolewa sasa kwa watu wazima wengi (tenofovir miligramu 300, lamivudini 300, dolutegravir 50) ni kimoja kwa siku. Ukisahau, kunywa unapokumbuka, isipokuwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia kinachofuata. Usinywe viwili pamoja. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au alumini hukizuia kuingia mwilini: kinywe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vivyo hivyo, labda uvinywe vyote pamoja na chakula. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu huongezewa dolutegravir miligramu 50 saa 12 baadaye. Asiyeongezewa aulize siku hiyohiyo.

Na tuseme tena, ingawa tumeshachoka kusema: kipimo kutoona virusi si kupona. Maombi hatukatazi, ila kidonge kinyweni. Mwenye homa ya ini ya aina B akiacha ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya.

Anayeogopa siri yake kutoka ajue kuwa sheria ya Kongo (DRC) namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mwenye virusi, na kanuni ya adhabu, kifungu cha 73, inampa mhudumu anayetoa siri kifungo cha mwezi 1 hadi 6. Lalamiko lipelekwe kwa maandishi kwa daktari mkuu wa zoni ya afya, likiwa na tarehe na jina la kituo.