Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua: "nyingi" ni kiasi gani?

Kila mwanamke akijifungua hutokwa na damu, na hapo ndipo hatari inapojificha. Bibi aliyeketi nje ya wodi atakwambia hiyo ni damu chafu, iacheni itoke. Mkunga mwenye wazazi wanne zamu ya usiku ataitazama khanga iliyo chini ya mama, aone imelowa, aseme bado ni kawaida. Wote wawili wameiona damu ileile na hakuna aliyeipima. Neno gumu katika jina la tatizo hili ni hilo "nyingi".

Kitabibu, nyingi ina kipimo: mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Ikifika lita moja, hali ni mbaya zaidi. Nusu lita ni chupa ile ndogo ya maji ya dukani. Jaribu siku moja nyumbani: chukua khanga kuukuu, ikunje mara nne, uimiminie chupa nzima polepole. Maji mengi yatazama ndani ya kitambaa. Atakayeingia chumbani ataona khanga mbichi tu, nusu lita hataiona. Sasa badala ya maji fikiria damu, iliyochanganyika na maji ya uzazi, katikati ya pamba na shashi, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Ndiyo maana anayekadiria kwa macho hukosea, na mara nyingi hukadiria chini ya kilichotoka.

Haraka ya kuizuia damu hiyo inatokana na jinsi mwili ulivyoumbwa. Mimba ikishakomaa, damu inayopita kwenye tumbo la uzazi ni kama nusu lita kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya tumbo la uzazi lenyewe, iliyosukana kama ukili na kuizunguka mishipa hiyo, ikijikaza, inaibana. Mkunga akiweka kiganja chini kidogo ya kitovu anapaswa kuhisi kitu kigumu kama balungi bichi. Akikuta laini, misuli imelegea, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Zipo nyingine: kipande cha kondo kilichobaki ndani, kuchanika kwa njia ya uzazi, au damu iliyoshindwa kuganda.

Mwanamke kijana mwenye afya huweza kuwadanganya wanaomhudumia bila kujua. Mwili wake hubana mishipa ya mikono na miguu, moyo hukimbia, na presha husimama palepale kwa muda mrefu. Anaongea, anaomba uji, anauliza mtoto ana kilo ngapi. Presha inapoporomoka, amekwishapoteza damu nyingi sana, na dakika zilizobaki ni chache.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Haukuleta dawa mpya. Ulileta shuka la plastiki linalotandikwa chini ya makalio ya mama, lenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda. Mfuko una mistari ya mililita, na damu hushuka humo ikasomeka kama maziwa kwenye chupa ya mtoto.

Pamoja na shuka hilo, wakunga walifundishwa kubadili mwendo wa kazi. Zamani walijaribu hatua moja, wakasubiri, kisha nyingine. Sasa mfululizo wote huanza kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, sindano ya oksitosini ya kulikaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kuchunguza kama kuna mchaniko au kondo lililobaki, huku msaada ukiitwa damu isipokoma. Hesabu yake ni dakika, si saa.

Katika hospitali zilizoendelea kama zamani, takribani nusu tu ya waliotokwa damu nyingi ndio waliogundulika. Nusu! Wengine walikuwa kitandani, ndani ya hospitali, na hakuna aliyejua. Penye shuka la kupimia waligundulika asilimia 93. Upande wa zamani, asilimia 4.3 ya waliojifungua walipatwa na angalau moja kati ya haya: damu kufika lita moja au zaidi, upasuaji wa kuikomesha, au kifo cha kutokwa damu; upande wa pili ni asilimia 1.6. Dawa karibu zote zilikuwapo kabatini tangu mwanzo. Kwangu mimi hilo ndilo linalouma zaidi.

Hata hivyo mililita 500 hazilingani kwa kila mwili. Aliyebeba mimba akiwa na upungufu wa damu, hali iliyo ya kawaida mno kwetu, anaweza kuzimia kabla chupa haijajaa. Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa Oktoba 2025 umesogeza mstari: damu ikifika mililita 300 na mapigo ya moyo au presha vikaanza kwenda kombo, matibabu yaanze, wasingoje 500.

Turudi kwa yule bibi. Damu ya nifasi anayoizungumzia ipo kweli, na hutoka kwa wiki kadhaa. Lakini kila siku hupungua, na rangi yake hufifia kutoka nyekundu hadi ya waridi, kisha manjano hafifu. Inayokwenda kinyume ni nyingine. Mama aliyekwisha rudi nyumbani akijaza pedi ndani ya saa moja, akitoa mabonge makubwa, akisikia kizunguzungu akisimama, au damu iliyokuwa imefifia ikirudi nyekundu na kwa wingi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni siku ya kumi, hata kama ni usiku, na pedi au khanga zilizolowa zibebwe pamoja naye ili mkunga azione.