Jeli hujengeka wakati wa kuyeyuka

Mtoto akinyonya barafu ya ukwaju, utamu wote huja mwanzoni, kisha mkononi hubaki kipande cheupe kisicho na ladha. Maji yakiganda hayapokei mgeni. Sukari na rangi husukumwa pembeni. Jeli ninazotengeneza maabara hutegemea tabia hiyohiyo.

Malighafi ni polivinili alkoholi, au PVA, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ambayo mwili huivumilia vizuri. Gramu 10 kwa gramu 90 za maji, napasha hadi nyuzi 90 hivi za Selsiasi huku nikikoroga, mpaka uji uwe mwangavu. Namimina kwenye kalibu, naitia friza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu inapokua, minyororo ya PVA hubanwa kwenye vichochoro vyembamba, ikakaribiana hadi ikashikana na kujipanga kuwa vifuwele vidogo mno. Vifuwele hivyo ndivyo mafundo ya wavu unaoshika maji. Hakuna glutaraldehaidi ya kuunganisha, kemikali ambayo mabaki yake huua seli. Kwa kazi ya gegedu bandia, yaani tishu ya kukinga ncha za mifupa kwenye maungio, hilo kwangu ni jambo kubwa.

Siku moja nilikuwa na haraka, nikatumbukiza kalibu iliyoganda kwenye maji ya uvuguvugu. Jeli ikatoka teketeke, ikamwagika pembeni nilipoigusa. Pacha wake, wa uji uleule, niliuacha ndani ya deli lililofunikwa uyeyuke usiku kucha. Asubuhi ulisimama wima. Unaubonyeza kwa kidole, unarudi. Kwenye baridi kali minyororo haina nguvu ya kusogea. Karibu na sifuri inasogea, na barafu iliyobaki bado inaibana, kwa hiyo mafundo mengi hufungwa katika saa hizo. Ukizirukia, umepoteza jeli.

Ukirudia mzunguko wa kugandisha na kuyeyusha mara tatu hadi tano, jeli hukakamaa na kuwa nyeupe kama nazi changa, maana vitundu vilivyoachwa na barafu hutawanya mwanga. Ukitaka iwe angavu, tangu kwenye uji badili sehemu kubwa ya maji kwa kiyeyushi kiitwacho dimethili salfoksaidi, kisha uioshe jeli kwa subira mpaka kiyeyushi hicho kiishe chote.

Usiitie kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121: mafundo huanza kulegea kabla ya nyuzi 80, na utafungua mlango ukute uji. Sisi huua vijidudu kwa mionzi ya gama. Mwilini, kwenye nyuzi 37, mafundo hayayeyuki.