Maji ya Bubu hayafiki bahari

Mto Bubu hushuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia kwenye kinamasi cha Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma. Hapo safari imekwisha. Kinyasungwe, unaokusanya maji mengine ya mkoa huuhuu, huelekea mashariki, huingia Wami, kisha Bahari ya Hindi. Kiingereza kina kivumishi adimu cha kutenganisha mabonde haya: la Bubu ni "endorheic", la Wami ni "exorheic".

Kigiriki ndicho kilichotoa malighafi: "endon" ni ndani, "rhein" ni kutiririka. Lakini Wagiriki wa kale hawakulijua neno lenyewe. Alilitunga mwanajiografia Mfaransa, Emmanuel de Martonne, miaka ya 1920. Herufi "h" haitamkwi, sema "endo-RI-ik". Shina hilohilo limo ndani ya neno la kitabibu la Kiingereza la kuhara, "diarrhoea". Si mfano wa mezani, ila ukishaujua hutasahau tahajia.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye tafsiri ni "maji yaliyotuama". Bubu wa masika hautuami hata kidogo! Kivumishi hiki hakisemi kasi ya maji, kinasema yanaishia wapi. Swali la kujiuliza ni moja: maji yanatokaje? Yakiwa yanavukizwa na jua au kupenya ardhini tu, bila mto wa kuyapeleka baharini, neno limefaa.

Wengine hupima kwa chumvi. Ni kweli jua huondoa maji na kuacha chumvi, ndiyo maana Ziwa Natron lina magadi. Lakini Ziwa Naivasha, kule Kenya, halina mto unaotoka na bado maji yake si ya chumvi, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Umbali na bahari nao hudanganya: Ziwa Tanganyika liko bara kabisa, ila mto Lukuga huyatoa maji yake hadi Kongo na Atlantiki. Hilo si "endorheic".

Kwa Kiswahili, Bodi ya Maji Bonde la Kati hutumia jina linalotaja mahali, si tabia ya maji. Kwa jina la taasisi linatosha. Ukilipeleka kwenye maandishi kuhusu Ziwa Chad, msomaji atauliza, kati ya wapi? Mimi huandika "bonde lisilotoa maji baharini" mara ya kwanza, halafu "bonde la ndani" kurasa zinazofuata.