Ndoo Moja ya Dagaa Ina Kilo Ngapi?

Nikitaja tani za samaki ambazo Tanzania inavua kwa mwaka, watu hudhani kuna mzani mahali fulani ambao kila samaki amepandishwa. Haupo. Sangara wanaokwenda kiwandani hupimwa kweli, kwa sababu mwenye kiwanda hanunui kwa macho. Waliobaki, tena ndio wengi, sisi watu wa takwimu za uvuvi tunawakadiria.

Kanuni yenyewe ni ya darasa la nne: idadi ya vyombo, mara siku za kuvua, mara wastani wa samaki wa chombo kimoja kwa siku. Idadi ya vyombo katika Ziwa Victoria hatuigombanii sana. Tangu mwaka 2000 Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikihesabu kwa pamoja mitumbwi, injini, nyavu na ndoano, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Wadadisi hupita mwalo kwa mwalo (mwalo ni pale mitumbwi inapotua na samaki), na kazi hiyo huratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja.

Balaa liko kwenye dagaa.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Wavuvi hushona nyavu na kulala. Nilipoanza kazi nilifika mwaloni asubuhi moja na fomu zangu, nikakuta mitumbwi yote imepandishwa mchangani. Mzee mmoja akanicheka: "Mwanangu, umekuja mbalamwezi. Rudi giza." Ningeandika sifuri, ziwa lingeonekana limekufa. Ningekuja siku za giza tu na kuzidisha kwa siku 30, tungejivunia dagaa ambao hawajazaliwa.

Halafu kuna ndoo. Mwaloni dagaa hawauzwi kwa kilo, huuzwa kwa ndoo ya lita 20. Lakini ipi? Iliyojaa hadi ukingoni, au ile ambayo mama mnunuzi ameisukasuka, wakashuka, kisha akadai iongezwe mpaka ifanye kilima? (Lumbesa haiko kwenye viazi peke yake.) Chukua mfano: mitumbwi 1,000, usiku 18 kwa mwezi, ndoo 10 kila usiku. Hizo ni ndoo 180,000. Mdadisi mmoja akiweka kilo 16 kwa ndoo na mwingine kilo 19, wametofautiana tani 540 kwa mwezi mmoja, na hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana siendi mwaloni bila mzani wa kuning'iniza. Napima ndoo kadhaa baada ya kumwaga maji yake, kisha natoa uzito wa ndoo tupu.

Ukiwapima baada ya kuanikwa, hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Karibu robo tatu ya samaki mbichi ni maji. Gunia la dagaa wakavu likiandikwa kama lilivyo kwenye safu ya samaki wabichi, sehemu kubwa ya mavuno imepotea mezani.

Ufugaji unaonekana rahisi, kwa kuwa samaki wa kizimba, yaani wanaofugwa ndani ya uzio wa nyavu majini, hawana pa kwenda. Hapo mtego ni kuhesabu mara mbili: anayetotolesha vifaranga anaripoti alichouza, aliyevinunua anaripoti samaki waliokua, na mtu anajumlisha vyote. Mimi huuliza risiti za chakula. Sato wa kizimbani hula zaidi ya kilo moja ya chakula kikavu ili aongezeke kilo moja, kwa hiyo anayeniambia amevuna tani 10 kwa chakula cha tani 5 namrudishia fomu yake kwa heshima.

Na mwani. Zanzibar wamekuwa wakiulima kibiashara tangu 1989, wengi wao akina mama, na huuza mkavu. Takwimu za kimataifa za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huuandika kwa uzito wa ukiwa mbichi, ambao ni mara kadhaa ya huo. Kilo ya mwani mkavu haikaribii bei ya kilo ya sato, lakini kwenye jumla ya tani hukalia nafasi kubwa. Ukionyeshwa jedwali la ufugaji wa viumbe maji nchini, tafuta kwanza kama mwani umo, kisha uliza ulipimwa kabla ya jua au baada.