Kudhibiti kupe ili kumkinga mtu: maana yake ni nini?

Mfugaji wa Afrika Mashariki anamjua kupe kwa hasara ya zizini. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, inamaliza ndama, ndiyo maana tunaogesha ng'ombe. Ndigana kali, hata hivyo, haimpati binadamu. Yapo magonjwa mengine ya kupe yanayotoka kwa mifugo na kuingia kwa watu, na linalotisha zaidi ni homa ya Krimea na Kongo. Ilielezwa kwanza Krimea mwaka 1944, na virusi vyake vikapatikana Kongo mwaka 1956. Uganda imekuwa ikipata wagonjwa mara kwa mara tangu 2013.

Ugumu wake uko hapa: ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye virusi hivyo haumwi. Anakula, anacheua, anapelekwa mnadani, na damu yake inabeba virusi kwa takribani wiki nzima. Mtu huambukizwa akiumwa na kupe, akimponda kwa vidole (jambo wachungaji wengi hulifanya bila kufikiri), au akigusa damu na nyama mbichi wakati wa kuchinja. Katika kila wagonjwa 100, kati ya 10 na 40 hufariki.

Kwa hiyo kudhibiti hapa ni kuchukua hatua kwa mnyama mzima wa afya. Josho linapunguza kupe, ila haliwamalizi: virusi hupita kutoka kwa kupe jike hadi kwenye mayai yake, na kupe wachanga hunyonya sungura na ndege wa porini. Tena wafugaji wanaochanganya dawa ovyo, au kuzizimua kupita kiasi, wanazalisha kupe sugu.

Mimi naona anayesahaulika zaidi ni mchinjaji. Tunamwachia ashike damu kwa mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani linashauri mifugo ipewe dawa ya kupe wiki mbili kabla ya kuchinjwa, au itengwe kwanza, na wanaochinja wavae glavu na nguo za kujikinga. Nyama ikishaiva haina hatari hiyo.

Dalili huanza siku chache baada ya kuumwa na kupe. Kwa aliyegusa damu zinaweza kuchelewa hadi siku 13. Ukipata homa ya ghafla na maumivu ya misuli ndani ya muda huo, mwambie daktari mapema kwamba ulichinja au ulitoa kupe, kabla hajakutibu malaria pekee.